Sweta ya Hezron

Alhamisi alasiri wanawake wa Igamba walikaa barazani kwa Mwalimu Fides, wakifuma sweta za askari walioko vitani. Aliyewasomea karatasi ya vijumba, ramani ya mishono kutoka bomani, ni Ketrina, mke wa jumbe, ambaye wote walimwita Mama Ikupa. Kijumba kitupu, mshono wa kawaida. Chenye nukta, mshono wa kupindua. Unaanzia chini, kulia kwenda kushoto, kisha unageuza kazi na kurudi kushoto kwenda kulia. Mwanzoni Ketrina alisoma kila mstari kama Injili, kutoka kushoto tu, na michoro ya kifuani ikaenda upogo. Akafumua bila kinyongo. Kosa si kosa, kosa ni kurudia.

Safari ya pili alisoma sawasawa. Karatasi ilitaka kifua cha mwanamume mzima. Sweta ikatoka ya mtoto. Mwalimu Fides alihesabu mishono, hakuona kosa. Ketrina akafumua, akafuma tena. Ikatoka ndogo vilevile, na safari hii mkono wa kulia ulikuwa na kamasi zilizokauka.

“Itafuliwa,” alisema Mwalimu Fides.

Nesta, mjane waliyekaa naye mkeka mmoja, aliichukua akainusa kwapani.

“Hii ni ya mwanangu Hezron,” alisema. “Mumeo, Mama Ikupa, aliniambia amempeleka shule.”

Ketrina aliirudisha sweta mapajani mwake. Hezron alikuwa hajamaliza hata kung'oa meno ya utoto.

Jioni alimwekea mumewe ugali, na sweta kando ya bakuli. Jumbe Zebedayo alinawa mikono.

“Bwana Mkubwa wa bomani alitaka wanaume kumi na wawili wa kwenda vitani,” alisema. “Wanaume walikuwa wamevuka mpaka, wamejificha kwa wajomba zao. Ningepeleka mbuzi?”

“Ni mtoto, Baba Ikupa.”

“Ni mrefu.”

Akamega tonge, akalichovya kwenye maharage. Maneno yale Ketrina aliyasikia, lakini kilichomshtua ni lile tonge. Shati la kanisani la mtu huyu ndilo alilokuwa akilifua tangu alipoolewa.

Sweta ilikwenda na lori pamoja na nyingine. Wakati wa kupalilia mahindi lori likarudi na sufu, na karatasi mpya kutoka bomani, imepigwa chapa vizuri. Vijumba vilikuwa vichache: kifua chembamba, mikono mifupi. Mwalimu Fides alisema wakubwa wameshukuru, vipimo vya Igamba vimefaa sana.

Wanawake wakashika sindano. Nesta alisogea karibu asikie vizuri. Ketrina akaweka kidole chini kabisa, upande wa kulia, akaanza kuwasomea.