Sahani ya Mwavita

Mwavita alizaliwa vitani, ndiyo maana akaitwa hivyo, na waliomjua walisema jina lilimkaa. Mama yake alitoka naye Kongo akiwa mchanga mgongoni, akahangaika huku na kule, mwisho akaangukia Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi. Hapo ndipo Mwavita alipokulia, akasoma, akafaulu. Kufaulu kwenyewe ndiko kulikoleta balaa, maana mtoto aliyeanguka mtihani hamsumbui mtu.

Miaka hiyo ya themanini serikali ya Uganda iliwalipia kila kitu vijana walioingia vyuo vya ualimu: masomo, malazi, chakula, na juu yake pesa kidogo za mfukoni. Raia, lakini. Mkimbizi aliambiwa aende kwa Umoja wa Mataifa, ndiko kwao. Mwavita akaenda. Huko akaambiwa nafasi za ufadhili zimekwisha, ajaribu mwakani. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na neno "mwakani" alikuwa ameshalichoka.

Aliyemfungulia mlango ni Madamu Medius, mkuu wa chuo kimoja kilichokuwa njia ya Biharwe, nje kidogo ya mji wa Mbarara. Msichana alikuwa wa kwanza katika mtihani wa kuingia, Madamu akasema, basi chuo kitamsomesha, naye atalipa kwa mikono yake. Alfajiri awashe moto jikoni, adhuhuri asonge ugali, katikati aingie darasani kama wengine. Tusimnyime Madamu haki yake. Wakuu wengine hawakumpa hata kiti cha kukalia. Lakini chakula cha bwalo kililetwa kwa hesabu ya wanafunzi waliolipiwa na serikali, na Mwavita hakuwamo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo bwaloni hakuwa na benchi. Angekula jikoni na wapishi, kile kinachobaki chini ya sufuria.

Yaani ukoko. Sasa ukoko si kitu kibaya, kuna watu wanaugombania. Lakini ule mwaka mzima, umesimama, huku watu uliokaa nao dawati moja asubuhi wanakunyooshea sahani uwapakulie, hapo utamu wake unakwisha. Tena wengine walikuwa wakimwita "mpishi" hata darasani.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa ndani ya sanduku lake: sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Mama alimpa siku ya kuondoka Nakivale.

"Shika hii," mama alimwambia. "Usikulie ku mulango, mwanangu. Kula fasi benzako banakula."

Lakini fasi hiyo, mahali pa wenzake, hakuwa nayo, na sahani ilikuwa bado mpya kabisa. Kila alipofungua sanduku kutoa daftari aliiona, akafunga haraka.

Kisha serikali ikatangaza kwamba hazina imekauka: pesa za mfukoni zinakatwa, na sukari ya uji inaondolewa. Chuo kikawaka. Kiongozi wa wanafunzi alikuwa Naboth, mtoto wa sajini, amezaliwa kambi ya jeshi ya Makenke, na Kiswahili chake kilikuwa cha hukohuko. Jioni moja aliingia jikoni akiwa amekunja mikono ya shati.

"Sista, kesho usiwashe moto," alisema. "Sisi wote tunagoma. Hakuna mtu kuingia bwaloni."

"Sisi nani?" Mwavita aliuliza.

"Sisi wanafunzi."

"Na mimi?"

Naboth akajikuna shingo. "Wewe pia. Lakini si unajua, wewe iko upande ya jikoni."

"Basi wekeni na langu katika madai yenu. Anayefanya kazi ili asome, ahesabiwe chakula, na akae bwaloni kama watu."

"Hiyo itaharibu mambo yetu, sista. Watasema tunasumbua serikali juu ya wakimbizi. Wacha tumalize yetu kwanza. Yako baadaye."

Mwavita alilijua hilo "baadaye". Lilikuwa ndugu yake "mwakani". Alirudi kusugua sufuria, na Naboth akaondoka akiamini wameelewana.

Hakukaa sana, Madamu Medius akamwita ofisini. Alizungumza Kiingereza chake cha taratibu, cha mtu asiyezoea kurudia maneno. Kesho afisa wa elimu anakuja kutoka mjini kuona kama mgomo ni wa wote au ni wa wahuni wachache. Anataka afisa akute chakula kimeiva na mtu anakula. "Usipopika," alisema, "kesho hiyohiyo unarudi Nakivale."

Na angeweza. Muhula uliopita mvulana mmoja alikamatwa na pombe bwenini, na kwa kuwa mwanafunzi hafukuzwi ila kwa kikao cha bodi, bodi ikakaa, ikamwonea huruma, mvulana yumo mpaka leo. Wiki hiyohiyo mpishi mmoja alichelewa kazini, akaondolewa kwa neno moja kabla uji haujachemka. Mwavita alijua yeye yuko upande gani wa mizani hiyo.

Akipika, wanafunzi watamwita msaliti mpaka siku ya kumaliza. Asipopika, hatamaliza. Alilala na hasira, akaamka nayo. Aliwachukia wote wawili, Naboth na Madamu, maana kila mmoja alitaka mikono yake na hakuna aliyemtaka yeye. Akiwa anafunga kitambaa kichwani aliamua jambo moja tu: kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa ameshiba, tena ameketi kwenye benchi. Akafungua sanduku, akaitoa sahani.

Mzee Muzafaru, mpishi mkuu, alishawasha moto. Kabla ya kustaafu alikuwa akiwapikia askari wa Makenke.

"Amri ni amri," alisema. "Huko jeshini mtu akigoma, iko risasi. Songa posho."

"Nasonga, Afande."

Alisonga ugali kama siku zote. Ulipoiva hakungoja ukoko. Alichota katikati ya sufuria, palepale palipo peupe na laini, akaweka kwenye sahani yake. Muzafaru akaitazama sahani ile, kisha akamtazama yeye. Alichukua upawa, akamwongezea maharagwe.

Nje, wanafunzi walikuwa wamelizunguka bwalo wakiimba. Mwavita alipita katikati yao na sahani inayofuka moshi, na nyimbo zikakatika. Mtu akasema, "Msaliti," si kwa sauti kubwa. Naboth alimwangalia kama aliyemwibia. Yeye akaingia, akapita mabenchi matupu yote, akaketi kwenye la mbele kabisa.

Hajatia tonge mdomoni, Madamu na afisa wakaingia. Afisa alikuwa mtu mnene, mwenye haraka. Akatupa macho huku na huku, ukumbi mzima na mtu mmoja.

"Huyu ni nani?" aliuliza kwa Kiingereza. "Mfanyakazi?"

Madirishani vichwa vilikuwa vimejaa. Mwavita alimwona Madamu akipima neno, maana akisema ni mfanyakazi, basi mgomo ni wa wote na yeye ameshindwa.

"Hapana," Madamu alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Huyu ni mwanafunzi wetu. Mwanafunzi bora wa mwaka wake. Kama unavyoona, anakula."

Mwaka mzima Mwavita alikuwa akilisubiri neno hilo, na sasa lilikuja kwa ajili ya mgeni. Hasira ikampanda mpaka masikioni. Alisimama.

"Samahani, bwana," alimwambia afisa, kwa Kiingereza kilekile. "Madamu ananiita mwanafunzi leo kwa mara ya kwanza. Siku nyingine zote mimi hula ukoko jikoni, nimesimama. Nimefurahi umesikia, na hao madirishani wamesikia. Lakini sijala hata tonge. Kama mimi ni mwanafunzi, basi na mimi nimegoma."

Chakula hakukimwaga, mtu aliyekulia kwenye foleni ya mgao hamwagi chakula. Alikirudisha jikoni sufuriani mbele ya Muzafaru, akaifuta sahani, akarudi nayo, akaifudikiza mezani mbele ya Madamu Medius.

"Funga vitu vyako," Madamu alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Ningekuwa mpishi ningefunga, Madamu. Mwanafunzi anangoja kikao cha bodi."

Afisa alikohoa. Akasema kweli, taratibu ni hizo, na akauliza kama kuna mahali pa kuzungumza bila watu madirishani. Jikoni Mzee Muzafaru alivuta kuni zote kutoka mekoni, akazimwagia maji. Alipoulizwa baadaye alisema mwanafunzi amegoma, sasa yeye angempikia nani.

Mchana huo Naboth alimkuta Mwavita amekaa kwenye ngazi za bweni, na safari hii aliketi chini kabla ya kusema.

"Sista, tumeongeza ile yako."

"Mmeiweka wapi?"

"Mwisho."

"Iwekeni juu, au mwiondoe kabisa."

Naboth akainama, akacheka peke yake, akaenda kuiweka juu.

Mgomo ulipoisha, sukari ilirudi, na anayefanya kazi ili asome akahesabiwa chakula. Pesa za mfukoni hazikurudi, na walionung'unika wakanung'unika. Bodi ilikaa juu ya Mwavita ikambakiza, si kwa kumpenda, bali kwa kuwa afisa alishamwita mwanafunzi katika taarifa yake. Moto aliendelea kuuwasha kila alfajiri, maana ndiyo ada yake, na hakuwahi kuuonea aibu. Lakini adhuhuri alivua aproni, akachukua sahani yake, akaingia bwaloni, na watu wakasogea kwenye benchi.

Likizo alishuka Nakivale. Mama hakumuuliza masomo. Alifungua sanduku mwenyewe, akaitoa ile sahani, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole penye mikwaruzo ya vijiko.

"Ulikulia ku mulango?"

"Hapana, mama. Ndani, pamoja na benzangu."

Mama akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa sahani nyingine, nyeupe, yenye ukingo wa buluu, bado mpya.

"Hii ni ya mudogo yako Riziki," alisema. "Ataingia hukohuko. Mwambie ule Madamu wako ajitayarishe."