Glasi ya Meno ya Bibi

Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, ila kwenye mtihani wa kujieleza mbele ya darasa maneno yote yalimkimbia. Mara mbili alikuwa amechanganya kiini cha tetemeko la ardhi na kitovu chake. Leo akikosea tena, mwalimu angemtoa darasa la jiografia, na Chiriku alilipenda darasa lile kupita kiasi.

Asubuhi alikaa chumbani kwa bibi akikariri. Katika karakana iliyo chini ya sakafu ya chumba hicho, baba yake, fundi chuma, alianza kugonga chuma juu ya fuawe, na meno ya bandia ya bibi yakacheza ndani ya glasi.

"Mwanangu ananigongea makusudi," bibi alilalamika. "Nyumba nzima inatikisika!"

"Jamani mama, mbona mimi huku jikoni sisikii kitu?" mama alidakia. "Uzee tu huo."

Ugomvi huo ulikuwa wa miaka. Kwa uchokozi tu, Chiriku alibeba glasi akaanza kuzunguka nayo nyumbani. Kando ya kitanda cha bibi, meno yalirukaruka. Mlangoni yalitikisika kidogo. Jikoni yalitulia tuli, na mama akapiga ukelele kuyaona karibu na sufuria yake. Chiriku alicheka, kisha akanyamaza ghafla, jambo la kushtua katika nyumba ile.

Darasani, mwalimu alipomsimamisha, maneno yakaanza kumkimbia tena. Akayafikiria meno.

"Kiini ni kule chini, mwamba unapovunjika," alisema. "Kama fuawe ya baba. Kitovu ni juu ya ardhi, wima juu ya kiini. Yaani kitandani kwa bibi."

Wenzake waliangua kicheko. Mwalimu alijikaza asicheke. "Na ukubwa wa tetemeko na ukali wake?"

"Ukubwa ni mmoja, pigo ni lile lile. Ukali unategemea uko wapi, maana mawimbi yakienda mbali yanachoka. Bibi anarushwa, mama hasikii kitu, na wote wanasema kweli."

"Kaa," mwalimu alisema. "Hapa hung'oki."

Jioni, kwa furaha tele, aliwaeleza wote nyumbani. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo miaka yote hii sikuwa nazusha?"

"Hapana, bibi. Ulikuwa umelala juu ya kitovu."

Baba alifuta mikono, akaenda kukihamisha kitanda. Mama, kwa aibu, alishika upande wa pili bila kuambiwa. Bibi aliwatazama akitabasamu kwa ufizi mtupu.

"Kitanda hamisheni," alisema, "lakini glasi iacheni pale pale. Mjukuu wangu bado ana mitihani."