Moto Chini ya Ukoko

Mimi Virginie sina subira, na kidole changu huniponza kabla ya mdomo. Jumapili hiyo baada ya misa, nyumbani mtaa wa Hewa Bora, nilikuwa nikichambua picha za nyota kwenye simu. Wanasayansi wameziweka mtandaoni wakiomba msaada, maana ni nyingi mno. Kila nyota ina picha kadhaa, kuanzia mwanga wa kawaida hadi joto lisiloonekana kwa macho. Nyota nyingi hufifia kwenye picha za joto. Ile changa, yenye sahani ya vumbi kuizunguka, haififii, kwa kuwa vumbi lake limepata moto. Ukiiona, unabonyeza ndiyo.

Papa, baba yangu, alikuwa amelala, uso ukutani. Alikuwa fondeur, myeyushaji wa shaba, hadi daktari alipomkataza tanuru kwa sababu ya kifua. Tangu hapo alisema hana kazi, basi aamke kufanya nini. Miezi mitatu. Nilimkasirikia, na nilimwonea huruma hadi nikaumia. Nikamwekea simu mbele ya uso.

“Angaria hata moya, papa.”

Picha ya kwanza ilikuwa na kidoa hafifu. “Iyi imezimika,” nikasema, kidole tayari kwenye hapana.

Akanishika mkono. Akazitazama picha zote za nyota hiyo polepole, kisha akasogeza mgongo wa mkono karibu na kioo, kama alivyopima mabaki ya tanuru kabla wenzake hawajapita.

“Simu haina joto, papa.”

“Najua.” Akakohoa. “Scorie, ile mabaki ya tanuru, ikiweka ukoko ya kijivu, muntu mupya anazani imepoa, anakanyaga. Angaria ya mwisho. Iyi haikuzimike. Iko na moto mu ndani.”

Picha ya mwisho iling’aa kuliko zote. Sikuwa nimefika huko.

“Ni vumbi, papa. Pengine mu ile vumbi mutatoka dunia ingine.”

“Vumbi yangu inanikula kifua. Kumbe ingine inajenga.” Akacheka kidogo, na mimi nikageuka nijifute macho.

Tulipofika nyota ya arobaini, alikuwa ameketi kitako, chai yake imepoa. Ukurasa ukauliza jina na kazi ya aliyenisaidia. Nikaandika Anaclet Chishimba. Kwenye kazi nikasita.

“Andika fondeur,” akasema.

“Wa zamani?” Ulimi nao hauna subira.

Alikuwa ameshaichukua simu, anatafuta nyota nyingine.

“Fondeur tu. Leta miwani yangu.”