Gauni Namba Mbili

Fundi Mkasi hakupewa jina hilo kwa sababu ya cherehani. Ni ulimi. Hospitali ilipompa wifi yake zabuni ya magauni ya wagonjwa, kesho yake tu alikata rufaa.

"Yule nimemfundisha mimi kutia uzi kwenye sindano. Leo anishinde?"

Sheria ya zabuni ilikuwa imebadilishwa karibuni. Zamani wakubwa walijifungia chumbani wakaamua wanavyojua wao. Sasa rufaa husikilizwa mbele ya watu, na sampuli huwekwa mezani jina likiwa limefunikwa kwa namba, mtu asipendelewe. Fundi Mkasi aliipenda mno sheria hiyo. Alikuja na majirani wa kumshangilia.

Mwenyekiti wa kikao akatandaza magauni mawili, la kila mmoja wao, kitambaa kilekile cha kijani.

"Mama, tuonyeshe kasoro unayoilalamikia."

Namba moja alilipapasa akalipita upesi. Pindo limenyooka, hana la kusema. Namba mbili akaliinua juu.

"Hili hapa. Oneni mshono unavyokwenda, kama mlevi anayetafuta kwao." Watu wakacheka, naye akavimba kichwa. "Aliyelishona alikuwa anapiga soga. Mgonjwa akipiga chafya, kabaki uchi."

"Wifi," wifi yake akanong'ona, "liweke chini. Yatosha."

"Kwa nini, unaona haya?" Akavuta, mshono ukaachia mpaka kwapani.

Mwenyekiti akabandua namba. Hakulisoma jina, alimgeuzia tu.

Lilikuwa lake.

Hapo akaikumbuka siku aliyolishona: yuko mlangoni, mguu kwenye cherehani, macho kwa jirani, akijisemea, nani asiyenijua mji huu? Jirani mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha mbele, sasa anakagua kucha zake.

Akajaribu kulikunja gauni. Halikukunjika, limechanika vibaya.

"Naiondoa rufaa," akasema, ulimi mzito kwa mara ya kwanza tangu aote meno.

Wifi yake akamfuata nje. "Magauni ni mengi, peke yangu siyawezi. Njoo tushone."

"Nije kama nani?"

"Kama fundi, wifi."

Afadhali angetukanwa.

"Nitakuja," akasema. "Ila unikalishe niupe mlango mgongo."