Masahihisho Arobaini na Moja

Ofisini walimwita Bi Nukta, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa msahihishaji wa miswada katika kampuni ndogo ya uchapishaji, chumba cha pili kushoto ukishapanda ngazi, na kwa miaka ishirini na saba kazi yake ilikuwa kusoma vya watu na kuvitia wekundu. Alikuwa na chuki zake, na alizitunza kama wengine wanavyotunza kuku. Aliyeandika "masaa" alimkera. Aliyemwandikia mtu "hauna haja" badala ya "huna haja" alimkera zaidi. Aliyeandika "watu ambao waliokuja" alimwona kama mtu aliyevaa mkanda kisha akajifunga na kamba juu yake, suruali ileile moja. Wale wa "lisaa limoja" alikwisha kumwachia Mungu.

Kampuni ilikuwa na desturi yake ya zamani. Mswada uliokubaliwa ulirudi kwa mwandishi ukiwa mwekundu ukurasa hadi ukurasa. Uliokataliwa ulirudi safi kama ulivyokuja, bila hata nukta, maana wino haupotezwi kwa kitu kisichochapishwa. Waandishi wazoefu walifungua bahasha palepale mapokezini, na ungewaona wakishusha pumzi wakikuta kurasa zao zimechafuliwa. Binti yake Bi Nukta, alipokuwa mdogo, alikaa kwenye benchi la mapokezi kila akitoka shule, anamsubiri mama yake huku anatafuna mkate na kutazama nyuso za watu hao.

Mwaka huu mkurugenzi alisema karatasi basi. Kila mmoja akapewa laptopu, na laptopu hizo hazikuja na kipanya. Zilikuja na kile kibao cha kutelezesha kidole kilichokaa chini ya herufi, pahali hasa ambapo mtu mwenye akili zake hupumzisha mikono. Bi Nukta alikichukia kuliko "masaa" na "hauna" kwa pamoja. Ukikigusa hakisikii, usipokigusa ndipo kinaposikia. Kidole gumba kikipita karibu tu, mshale unaruka mistari mitatu juu, na neno lako linazaliwa ndani ya sentensi ya mtu mwingine. Wiki ya kwanza alipachika "hata hivyo" katikati ya jina la mwandishi, na jina hilo lilifika kwenye jalada la majaribio likiwa hivyo hivyo.

"Nunua kipanya, Bi Nukta," aliambiwa na mpangaji kurasa, mtu wa makamo aliyekaa mkabala naye.

"Mashine ya ofisi, kipanya kiwe changu?"

"Basi vumilia."

"Navumilia. Kulalamika sijakatazwa."

Jumanne moja mchana, wenzake wametoka kwenda kula, barua pepe iliingia kutoka kwa binti yake. Bi Nukta alilitazama jina kwa muda kabla ya kufungua. Walikuwa hawajasemezana miaka miwili. Binti alikuwa chuoni mji mwingine, akisomea lugha kwa sababu mama yake alitaka asomee lugha, na siku moja aliandika barua ya mkono, kurasa mbili. Alisema ameacha chuo, anaishi na fundi wa pampu za maji, ana mimba, na anaomba mama yake amwelewe. Bi Nukta aliisoma mara moja. Akaikunja, akaitia kwenye bahasha mpya, akaiandika anwani, akairudisha. Hakuongeza neno. Alijiambia hana la kusema.

Barua hii ya pili ilikuwa fupi kuliko ile. "Mama, nimekaa masaa mengi nikifikiria nianzie wapi," ilianza. Mtoto ana miezi kumi na minne, ilisema, ni wa kike, ameanza kutembea na anaanguka kitako tu bila kulia. "Nataka nikuletee Jumapili umuone. Ukikubali niandikie, hauna haja ya kusema mengi. Ukikataa nitaelewa na sitakusumbua tena."

Bi Nukta alifurahi mpaka akaogopa. Alibofya kitufe cha kujibu, na barua ya binti ikakaa mbele yake, kila neno mahali pake, tayari. Mazoea yana taabu. Alijiambia atengeneze lile "masaa" tu, halafu ajibu, kwa kuwa hawezi kufikiri mbele ya "masaa". Akaweka rangi nyekundu. Akashuka kwa "hauna". Akakuta koma tatu zimekaa ovyo kama viatu mlangoni. Mkono ulikwenda wenyewe, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa ametulia. Alipofika mwisho wa barua alishusha mikono apumue, kidole gumba kikapita juu ya kibao.

Mshale uliruka. "Barua imetumwa," mashine ikasema.

Mpangaji kurasa aliporudi kutoka kula alimkuta amekaa vilevile, mikono hewani.

"Kuna nini?"

"Mwanangu ameniandikia. Nimemrudishia barua yake na masahihisho."

"Na jibu?"

"Jibu sikuandika."

Mtu yule alikaa kwenye kiti chake taratibu. Alikuwa na watoto wanne na alijua pa kunyamaza, ila siku hiyo hakunyamaza. "Maji yakimwagika hayazoleki, Bi Nukta. Teka mengine. Mpigie."

"Namba yake alibadilisha. Hii mpya sina."

"Mwandikie basi. Sema njooni."

Hilo ndilo alilojaribu kufanya siku tatu zilizofuata. Jumatano aliandika "Njooni", akaona ni amri, akafuta. Alhamisi aliandika maelezo ya kibao na kidole gumba, aya tatu, zisizo na kosa hata moja, na alipozisoma aliona zimeandikwa na mtu anayejitetea mahakamani. Akafuta. Ijumaa aliandika "Nisamehe", mshale ukaruka, neno likaangukia katika ripoti ya mkurugenzi iliyokuwa wazi pembeni, akalitoa huko kwa aibu na hakulirudisha. Kila alilokusudia kumwambia mwanawe lilikuwa linafika mbele yake kwanza kama mswada, na yeye alijua kitu kimoja tu cha kufanya na mswada. Jumamosi laptopu ilibaki imefungwa.

Alikuwa amemkosa mjukuu kwa ajili ya koma. Aliisema sentensi hiyo kwa sauti jikoni kwake, peke yake, na haikuwa na la kusahihishwa.

Jumapili alipiga deki nyumba nzima. Aliinua kila kitu chenye ncha akakiweka juu ya kabati, akijiambia kwamba kabati lilihitaji kupangwa. Alipika chakula kingi kuliko haja ya mtu mmoja, akajiambia kitaliwa kesho. Saa sita ikapita. Saa saba ilipokaribia mlango uligongwa, tena chini kabisa, na kiganja kidogo kisichojua kugonga.

Binti alisimama pale amenenepa mashavu, begi la mtoto begani. "Hodi, Mama."

"Karibu," Bi Nukta alisema, akaufungua mlango wote. "Karibuni."

Mtoto aliingia wa kwanza, akaanguka kitako katikati ya sebule, akaangalia huku na huku.

"Sikukujibu," Bi Nukta alisema. "Nilitaka kukujibu. Kile kibao cha laptopu, mwanangu, kidole kikipita tu..."

"Ulinijibu. Masahihisho arobaini na moja, nimehesabu."

"Sikukusudia kuyatuma."

"Mama, mimi nimekulia kwenye lile benchi." Binti alikuwa anamvua mtoto viatu na hakuinua uso. "Nilipofungua nikaona nyekundu mpaka chini, nilimwambia baba mtoto, tumekubaliwa, nisaidie kufungasha. Ingerudi safi nisingekuja."

Bi Nukta alikaa. Ilimchukua muda kuielewa sentensi hiyo fupi, na alipoielewa ilimpeleka miaka miwili nyuma, kwenye bahasha aliyoiandika anwani kwa mwandiko wake mzuri. Alikuwa amejiambia hana la kusema, na binti aliyelelewa benchini alikuwa ameyasoma yote. Moyo ulimuuma waziwazi, na hakuuficha.

"Ile ya kwanza," alisema. "Uliitupa?"

Binti alifungua begi. Chini ya nepi na chupa ya maziwa palikuwa na bahasha iliyochakaa kwenye pembe, na ndani yake kurasa mbili zilizokunjwa mara nne, safi kama zilivyoondoka. Akaziweka mezani mbele ya mama yake, akazinyoosha kwa kiganja.

Bi Nukta aliinuka, akaenda kwenye kabati alikopandisha vitu vyenye ncha, akashusha kalamu nyekundu. Akarudi kuketi, akavaa miwani. Mtoto alitambaa hadi kwenye kiti, akashika goti la bibi yake, akasimama, na bibi akaanza na mstari wa kwanza.