Wodi Iliyosubiri Maji

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu yasiyo na haraka. Paa la wodi mpya ya wazazi lilichuruzika maji kila upande, na ndani yake mabomba yalikuwa makavu kabisa.

Mkunga mkuu wa zahanati alisimama barazani akamwomba Mungu ampe ulimi laini, maana hasira alikuwa nayo ya kutosha. Serikali iliagiza kila zahanati iwe na wodi ya kujifungulia. Wodi ikajengwa, ikapakwa rangi, ikatiwa kufuli. Ofisi ya afya haifungui jengo lisilo na maji. Ofisi ya maji haipeleki maji kwenye jengo ambalo halijaanza kutumika. Ofisi zenyewe zilikuwa ghorofa moja, milango ikitazamana, na kila moja iliisubiri nyingine tangu kiangazi. Wajawazito wakaendelea kupelekwa hospitali ya mbali, na mmoja alijifungulia njiani, kwenye kiti cha nyuma cha gari. Sasa mkwe wake mkunga, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa ameketi kwenye benchi pale nje, mkono kiunoni, uchungu ukija na kuondoka.

Mkunga alikuwa amewaalika wakubwa wa ofisi hizo mbili, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

"Kumbe na wewe umeitwa?" aliuliza Bwana Maji, akikung'uta mwavuli.

"Nimeitwa kuangalia kufuli," alijibu Bwana Afya.

"Mimi nimeitwa kuangalia bomba."

"Basi angalieni pamoja, baba zangu," mkunga alisema. "Nyumba ni moja."

Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Bwana Maji hakucheka.

"Mama, nikifungulia maji jengo tupu, bomba likipasuka nani atajua? Kuna shule ilifurika likizo nzima. Aliyeitwa kujieleza ni mimi."

"Na mimi nikifungua wodi bila maji, mzazi akapata homa?" Bwana Afya alishusha sauti. "Dada yangu alikwenda hivyo. Akaacha kichanga."

Mkunga aliona hasira yake inamtoka kidogo kidogo. Miezi yote hiyo aliwaita wavivu moyoni, hata katika sala zake. Kumbe waliogopa, kila mtu na lake.

"Pole, baba," alisema. Kisha akamgeukia mwenzake. "Hebu niambie, Bwana Maji. Kwenu jengo linahesabiwa limeanza kutumika lini?"

"Mtu wa kwanza akihudumiwa ndani."

"Huduma yoyote?" Bwana Afya alidakia.

"Yoyote. Hata kupimwa presha."

Bwana Afya alimkodolea macho. "Presha haihitaji maji! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Tunasalimiana kwenye ngazi kila siku, wewe unanieleza habari za mpira tu!"

Safari hii walicheka wote. Bwana Afya akatoa ufunguo mfukoni, kufuli likagoma, likakubali. Mkunga akamshika mkwe wake mkono, akamwingiza taratibu, akamkalisha kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na nailoni yake.

"Mama, kiti kinalia kuliko mimi," mkwe alisema, akiuma meno.

Mkunga alimfunga kitambaa cha kipimo mkononi huku midomo yake ikimshukuru Mungu kimyakimya. Bwana Maji alisimama mlangoni akitazama mpaka kipimo kikasomwa.

"Umeona, baba?" mkwe alimwuliza. "Basi fanya haraka. Huyu wa tumboni hajui kusubiri ofisi."

Bwana Maji alivua kofia. Akawageukia wanawake waliojazana barazani, akapaza sauti ili hata wa nyuma asikie.

"Mama zangu, nyote ni mashahidi, na mwenzangu huyu pia. Naenda kuchukua mafundi sasa hivi. Nikirudi nao, siondoki hapa leo mpaka bomba hili litoe maji, na mtoto huyu ataogeshwa humu ndani."