Mbea wa Kwenye Karanga

Mjini walikiita kihisi. Pale Goweko kilipewa jina la Mbea, maana kazi yake ilikuwa kukaa ardhini na kupeleka habari za shamba la mtu kwenye simu ya Kornel, kijana wa mradi: udongo umelowa, udongo umekauka. Kilikuwa kipande cha karatasi na nta, hakifiki urefu wa kidole, na baada ya mavuno kingeoza kiwe mbolea. Kornel alikifukia mwenyewe kwenye karanga za Rustika. Hata kijiti cha alama hakuweka, eti wezi wasijue.

Wiki ya tatu Mbea akanyamaza.

Kornel akaja mbio na pikipiki. Shikamoo yake ya kila siku aliiacha hukohuko njiani.

"Mama, kihisi umemuuzia nani?"

"Mimi? Nani anunue karatasi?" Rustika alicheka, kisha akagundua anacheka peke yake.

"Kisipoonekana hadi Jumamosi, nitasoma jina lako mbele ya kikundi cha wakulima."

Miaka kumi na minne Rustika alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya Moraviani. Jina lake halikuzoea kusomwa hivyo.

"Ulikifukia wapi?"

"Tuta la nne. Au la sita."

Akaondoka.

"Mbea wako kakatwa ulimi?" jirani yake Mayala alitania kutoka ng'ambo ya ua. Alipomwona anashika jembe, utani ukamkauka. "Dada, hizo zimebakiza mwezi mzima!"

"Karanga nitapanda tena. Jina nitalipanda wapi?"

Aling'oa tuta la nne. Aling'oa na la tano, maana asiyejua kama ni nne au sita, tano utamwaminije? Maganda yalitoka meupe, laini, ukiyaminya yanatoa maji. Kwenye la sita jembe lilipasua udongo wa mchwa, na ndani yake mlikuwa na nta, kiasi cha ukucha.

Ijumaa Kornel akaitazama, uso ukamng'aa.

"Mchwa! Wamekitafuna chote! Mama, hii habari njema. Wafadhili walitaka kujua kama kweli kinaoza."

Akapiga picha tatu za nta, akijipinda ili karanga zilizolala zisitokee.

"Na Jumamosi?"

"Aa, hakuna neno. Nitakuletea kingine."

Alipokwisha kuwasha pikipiki ndipo adabu ikamrudia. "Shikamoo, mama."

Rustika alikuwa amechuchumaa, anaminya ganda moja baada ya jingine, akitafuta hata moja lenye punje. Marahaba hakuitoa.